Milango Inayokwama Baada ya Ukarabati: Kabla ya Kushika Randa

Tumemaliza kukarabati nyumba ya familia hapa Bombo. Kuta zimepigwa lipu upya, sakafu ina vigae, rangi ni mpya kila mahali. Milango ya vyumba ni ile ile ya zamani, ya mvule. Ilitolewa, ikapakwa rangi, ikarudishwa. Sasa mitatu haifungi mpaka uisukume kwa bega. Fundi anataka kuipiga randa yote siku moja. Nimruhusu?
*Hajati, Bombo*

Hajati, mzuie kwanza. Mbao ikishakatwa hairudi, na katika milango hiyo mitatu huenda ni mmoja tu unaohitaji randa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri kabla ya ukarabati haukuharibika wenyewe. Ama bawaba zilirudishwa vibaya, ama rangi imejaza nafasi, ama mbao imekunywa maji ya lipu, ama fremu ilisukumwa na waashi. Kila sababu huacha alama mahali pake, na kazi ya kwanza ni kuitafuta alama hiyo.

Funga mlango polepole hadi karibu ugote, kisha tazama nafasi iliyopo kati yake na fremu. Juu na pembeni inatakiwa milimita 2 hadi 3. Kama huna kipimo, chukua sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, ambayo unene wake uko humo humo. Ipitishe upande wa bawaba kutoka juu hadi chini, kisha juu ya mlango, kisha upande wa kitasa. Inapoteleza bila kulazimishwa, hapo pako sawa. Inapogoma, tia alama ya penseli kwenye fremu.

Baada ya hapo paka chaki ya rangi, ya bluu au nyekundu, kwenye mwimo wa fremu upande unaokwama. Funga mlango na kuufungua mara mbili. Chaki itahamia kwenye mlango pale tu panapogusana. Mara nyingi utaona doa la urefu wa kiganja karibu na pembe, na ukingo wote uliobaki ni msafi. Kupiga randa mita mbili kwa ajili ya doa la kiganja ni kuharibu mlango mzima.

Doa likiwa pembe ya juu upande wa kitasa, na pembe ya chini ya upande huo huo inakwaruza vigae, mlango umelala. Mshtakiwa wa kwanza ni bawaba ya juu. Shika kitasa, inua mlango juu huku mwenzako akiitazama bawaba hiyo. Ikicheza hata kidogo, skrubu zimelegea. Milango iliyotolewa na kurudishwa hupatwa na hili sana, kwa sababu skrubu zinarudishwa kwenye matundu yale yale yaliyokwisha kuchoka. Weka kabari chini ya mlango ili uzito usining'inie, toa skrubu za bawaba ya juu, safisha matundu, uyajaze vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi ya mbao. Vijiti vya kiberiti hufaa kwa mlango mwepesi. Kwa mvule chonga vijiti vya mvule. Acha gundi ikauke hadi kesho yake, kata vijiti sawa na uso wa fremu, toboa tundu jembamba la kuongoza skrubu, ndipo ufunge.

Hapa pana ushauri mmoja unaosambaa sana ambao haufai kwa nyumba zetu: kwamba uweke skrubu ya inchi 3 ili ishike nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Ushauri huo ni wa nchi zinazojenga kuta za mbao. Nyuma ya fremu zetu kuna tofali la kuchoma na saruji. Fremu ya inchi 2 ikishachongwa mahali pa kukaa mlango, pale bawaba inapofungwa hubaki kama inchi moja na nusu tu. Skrubu ndefu itagonga tofali, izunguke bure, na kulikoboa tundu ulilotoka kulitengeneza. Kama skrubu za zamani ni za inchi moja na robo namba 8, weka za inchi moja na nusu namba 10, na uhakikishe vichwa vinazama sawa na bamba la bawaba. Kichwa kinachotokeza huzuia bawaba kujikunja, na mlango utaanza tena kusukuma.

Mlango wa mvule wa paneli unaweza kufika kilo 30. Ukiukuta umefungwa kwa bawaba mbili, ongeza ya tatu. Iweke karibu zaidi na ile ya juu kuliko ya chini, kwa kuwa juu ndiko uzito unakovuta.

Kama bawaba zimekaza na mlango bado umelala kidogo, sogeza bawaba ya chini kwa kadi. Fungua skrubu zake upande wa fremu, kata kipande cha boksi gumu chenye unene wa milimita 1, saizi ya bamba la bawaba, kiweke nyuma yake na ufunge. Chini ya mlango husogea kuelekea upande wa kitasa, na pembe ya kitasa huinuka. Kwa mlango wa upana wa milimita 800 wenye bawaba zilizoachana kama milimita 1,600, kadi ya milimita 1 huinua pembe hiyo kwa nusu milimita. Ni kidogo, ila mlango unaogusa kwa nusu milimita hauhitaji zaidi ya hapo.

Ukiona mlango unafunga kisha unarudi wenyewe kama umesukumwa na springi, tazama upande wa bawaba. Kama hakuna nafasi kabisa huko, bawaba zimechimbiwa ndani kupita kiasi, au mkia wa skrubu umeinama na kichwa kimekaa upande. Kadi ya milimita 1 nyuma ya kila bawaba humaliza shida. Kinyume chake, nafasi ikiwa pana upande wa bawaba na upande wa kitasa umebanwa, bawaba hazijazama vya kutosha. Kwanza angalia kama fundi alipaka rangi ndani ya shimo la bawaba kabla ya kuirudisha. Tabaka la rangi na puti humo hutosha kuitokeza. Kwangua shimo, na ikibidi lichimbe kwa patasi milimita 1.

Rangi yenyewe? Koti moja likikauka lina unene wa kama sehemu 3 au 4 za mia za milimita. Makoti manne kwenye ukingo wa mlango na manne kwenye mwimo ni kama theluthi ya milimita. Rangi mpya peke yake haiwezi kumeza nafasi ya milimita 3. Lakini mlango wa zamani wenye makoti kumi chini yake, na puti juu, ulikuwa umebaki na uzi tu, na koti la mwisho limeumaliza. Hapo kinachotakiwa ni kukwangua rangi ya zamani ukingoni hadi kwenye mbao, kisha msasa namba 80 na baadaye 120. Rangi za nyumba kuukuu zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo lowesha kwanza, vaa barakoa, na watoto wasikae chumbani humo.

Limebaki suala la maji, na hili ndilo linalohitaji subira. Lipu mpya na saruji ya kuwekea vigae huachia maji hewani kwa wiki nyingi, na milango ikishafungwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha huyanywa. Mbao hutanuka kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu haitanuki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo sababu mlango wa paneli uliokunywa maji huongezeka upana, kwa sababu miimo yake miwili ya pembeni imevimba, lakini urefu unabaki ule ule. Kwa miimo ya paini ya milimita 110 kila mmoja, unyevu wa mbao ukipanda kwa asilimia 4 mlango hupanuka kama milimita 2. Mvule hutulia zaidi kuliko paini na kalitusi. Basi ukiona mlango wako umebana upande wa kitasa kuanzia juu hadi chini, kwa usawa, na bawaba ziko imara, mbao imevimba. Ukiona umebana juu peke yake, usilaumu unyevu. Rudi kwenye bawaba na fremu.

Kujua kama ukuta bado una maji, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, uiache siku nzima. Ukikuta matone ndani, nyumba haijakauka. Fungua madirisha mchana, vua milango, ilaze juu ya mbao tatu zilizonyooka mahali penye kivuli na upepo. Usiiegemeze kwenye ukuta mbichi na usiianike juani, maana upande mmoja utakauka kabla ya mwingine na mlango utapinda. Na tafadhali, asije mtu akawasha sigiri ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha lipu. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala.

Kama mlimaliza kazi wakati wa mvua za Machi hadi Mei, subiri hadi Julai ndipo uamue kuhusu randa. Mlango unaobana wakati huo, baada ya bawaba na rangi kushughulikiwa, huo ndio wa kupiga. Na upigwe upande wa bawaba, si upande wa kitasa, kama unahitaji kuondoa zaidi ya milimita 2. Kitasa kinabaki mahali pake. Mashimo ya bawaba matatu unayachimba tena kwa kina kile kile. Kama ni chini ya hapo, piga upande wa kitasa na uache mwinamo: ukingo unaotangulia kuingia kwenye fremu uwe chini kwa milimita 2 kuliko ule mwingine, ili mlango uingie bila kukwaruza. Juu ya mlango, piga randa kutoka kila pembe kuelekea katikati. Ukipitiliza hadi nje, ncha za nyuzi za mwimo zitapasuka.

Siku hiyo hiyo, kabla fundi hajaondoka, kila sehemu iliyokatwa ipakwe rangi ya msingi na koti mbili juu yake. Atazame pia ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi huziacha kingo hizo tupu kwa kuwa hazionekani, na hapo ndipo maji huingilia msimu unaofuata.

Niliweka vigae juu ya sakafu ya zamani ya saruji. Mlango wa plaiwudi wa chumba cha kulala unagoma kufunguka kabisa, unasimama kwenye vigae. Fundi anasema akate sentimita 3 chini. Mlango hautaharibika?
*Afande mstaafu, Jinja*

Afande, tatizo lako liko wazi: kigae cha milimita 8 hadi 10, na gundi au saruji chini yake, sakafu imepanda kwa milimita 15 na pengine 25. Kukata ni lazima. Swali ni kiasi gani.

Mlango wa plaiwudi una utupu ndani, wenye karatasi ya masega au vipande vya mbao, na kuuzunguka kuna fremu nyembamba. Ubao wa chini wa fremu hiyo mara nyingi hauzidi sentimita 3 au 4. Ukikata zote 3, unaweza kuubakiza ukiwa mwembamba kama rula, au kuumaliza kabisa, na plaiwudi ikabaki imefunguka kama mdomo. Kwa hiyo pima kwanza. Vua mlango, chukua sindano nene au msumari mwembamba, choma plaiwudi kwa upande usioonekana, karibu na chini, ukipanda kidogo kidogo. Ukisikia msumari umeingia bila kizuizi, umevuka ubao. Vitundu hivyo utaviziba kwa puti.

Nafasi inayohitajika chini ni milimita 6 hadi 10 juu ya kigae kilicho juu kuliko vyote kwenye njia ya mlango, si juu ya kigae cha mlangoni. Sakafu chache sana ziko sawa kabisa. Laza ubao ulionyooka sakafuni, uuzungushe kwenye njia ya mlango, utaona wapi sakafu imepanda. Kama utaweka zulia, ongeza unene wa zulia.

Piga mstari, kisha ukate mstari huo kwa kisu kikali na rula ya chuma, pande zote mbili, mara tatu nne, hadi tabaka la juu la plaiwudi likatike. Bila hatua hii msumeno utang'oa vipande vya plaiwudi kama magamba. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari. Msumeno wa umeme wa duara hupasua uso wa juu, kwa hiyo uso mzuri utazame chini. Wa mkono hupasua chini, kwa hiyo uso mzuri utazame juu.

Ikilazimu kukata hadi kwenye utupu, usitupe kipande kilichokatwa. Bandua plaiwudi kwa patasi, toa ule ubao wa ndani, usafishe, upake gundi ya mbao, uuingize tena kwenye mdomo wa mlango na kuubana kwa klempu usiku kucha. Mlango unarudi na nguvu zake. Halafu paka rangi chini, koti mbili, hasa kwa kuwa sakafu ya vigae hupigwa deki kila siku.

Kwa atakayekarabati baada ya kusoma haya: fremu zikae, vigae viwekwe, ndipo milango ipimwe na kuvikwa. Anayevika milango kabla ya vigae anajitafutia kukata mara mbili.

Milango haibani, ila kila asubuhi inakuwa imegandamana na fremu. Nikiivuta inatoka kwa sauti na kuchuna rangi. Ilipakwa rangi ya mafuta wiki iliyopita.
*Mpangaji, Kampala*

Rangi ya mafuta hukauka juu ndani ya siku moja, lakini kuwa ngumu kabisa huchukua wiki kadhaa, na zaidi wakati wa mvua. Uso mlaini ukibanwa na uso mlaini mwenzake usiku kucha hushikana. Lala milango ikiwa wazi kidogo kwa wiki mbili hivi, ukiweka kitambaa kilichokunjwa kati ya mlango na fremu ikiwa unahitaji faragha. Sehemu zinazogusana zipake poda ya watoto au uzisugue kwa mshumaa. Palipochunika pasisahihishwe sasa. Subiri rangi iwe ngumu, piga msasa namba 180, paka koti moja jembamba.

Mwezi wa Agosti milango ilibana, fundi akaipiga randa karibu milimita 5. Sasa ni Januari, kuna upenyo unaopitisha mwanga na kitasa hakishiki. Nifanyeje bila kununua milango mipya?
*Mwalimu, Gulu*

Mwalimu, huko kwenu mvua ni msimu mmoja mrefu, na kiangazi kuanzia Desemba ni kikali. Mlango uliopigwa randa Agosti ulipigwa ukiwa katika upana wake wa juu kabisa. Sasa umesinyaa na mbao iliyoondolewa haipo.

Dawa yake ni kuubandikia ukingo. Vua mlango, nyoosha ukingo wa bawaba kwa randa mpaka upate uso safi usio na rangi, maana gundi haishiki kwenye rangi. Tafuta ubao mkavu wa aina ile ile, upana sawa na unene wa mlango, unene wa milimita 8. Upake gundi ya mbao pande zote mbili za kiungo, ubane kwa klempu kila sentimita 25 hivi, au kama huna klempu tumia misumari myembamba isiyo na vichwa uliyoizamisha. Siku inayofuata, punguza kwa randa hadi nafasi ya milimita 3 kila upande. Kwa Gulu usibakize 2; hiyo milimita ya ziada ni ya Agosti ijayo. Chimba mashimo ya bawaba upya kwenye ukingo huo mpya, toboa kwanza, na skrubu zipite hadi kwenye mbao ya zamani.

Kama upenyo ni milimita 4 tu na kinachokusumbua ni kitasa kutoshika, huhitaji yote hayo. Toa kile kibati kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, kiwekee kadi au kipande cha plaiwudi nyuma kikaribie mlango, ukifunge tena. Ulimi ukigonga juu au chini ya tundu, paka lipstiki au chaki kwenye ncha yake, funga mlango, uone doa limeangukia wapi. Tofauti ya milimita 1 au 2 ni ya tupa: panua tundu la kibati. Zaidi ya hapo, hamisha kibati.

Mlango wa MDF wa bafuni umevimba chini kama mkate uliolowa. Ukikauka utarudi?
*Msomaji, Entebbe*

Hautarudi. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na nyuzi hizo zikishavimba hubaki hivyo. Kata sehemu yote laini, bandika ubao mgumu badala yake, uzibe kwa rangi ya mafuta pande zote. Ukivimba tena, weka mlango wa alumini au plastiki. Kwa bafuni hilo ndilo chaguo letu tangu mwanzo.

Tulivunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia. Wiki tatu baadaye mlango ulio karibu na hapo umebana juu, na kuna ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya fremu.
*Mama wa watoto wanne, Fort Portal*

Mama, mlango huu usiguswe na seremala. Mlango unabana kwa sababu kilicho juu yake kinashuka, na ukiupunguza utakuwa umeizima kengele tu. Ukuta mliovunja huenda ulikuwa umebeba uzito, na sasa uzito huo umehamia juu ya fremu. Leo hii tia mistari miwili ya penseli pande mbili za ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani. Wekeni nguzo za muda za chuma chini ya mwanya uliovunjwa, na mhandisi wa ujenzi aje aone. Eneo lenu limetikiswa na matetemeko makubwa mwaka 1966 na 1994, na nyumba iliyopungukiwa na mhimili haina akiba ya kuhimili lingine. Kama ufa unapanuka kati ya kipimo kimoja na kingine, chumba hicho kisilalwe na mtu mpaka mhandisi amemaliza kazi yake.